Kwa Mkono wa Apolinary

Kashai, Bukoba
14 Februari 1970

Mama mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa jikoni na si kitandani, maana mara ya mwisho goti lilikuwa linakusumbua. Mimi sijambo. Msalimu kaka Apolinary, ambaye najua ndiye anayekusomea, pamoja na mkewe na watoto. Mwambie asome polepole na asiruke mahali.

Mama, nimetoka Kamachumu. Najua umekwisha kusikia, kwa sababu habari mbaya hailipi nauli. Nilitoka Novemba, watu wote wakiwa nje wanakamata senene, nikapita katikati yao na sanduku moja na mwavuli, wala hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Miaka sita nimekaa na Clavery bila mtoto. Miaka miwili ya mwisho alimweka mwanamke mwingine chumba cha pili, nami nikawa nawapikia wote wawili. Mengine nitakuambia kwa mdomo.

Sasa nimepanga chumba hapa Kashai. Nafua na kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni. Jirani kuna Jumba la Maendeleo, na bibi maendeleo alipita mlango kwa mlango akitafuta waliomaliza darasa la nane wajitolee kuwafundisha watu wazima kusoma. Malipo hakuna. Nilimwambia nitafikiri, ingawa sikuwa na la kufikiri. Jioni zangu zote natazama ukuta.

Neno langu ni hili. Nataka kurudi nyumbani. Siyo kwa Apolinary, ni kwako. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walisema kibanja, lile shamba letu la migomba, ni cha Apolinary, lakini nyumba yako na ile mibuni ya nyuma ni yako maisha yako yote, na ukitaka kumwita binti yako akae nawe hakuna wa kukuzuia. Nilikuwepo, nilisikia. Nitakulimia, nitakuchotea maji. Sema tu "njoo" nami nitapanda basi la kesho yake.

Mwanao,
Kokuhirwa


Muleba
20 Machi 1970

Kwa binti yangu Ephrasia,

Salamu nyingi sana. Sisi sote hapa ni wazima. Mvua imeanza vizuri na mibuni imetoa maua. Barua yako nimesomewa na nimeielewa.

Mumeo Clavery alikuja hapa na wazee wawili. Walikaa tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Hawakutukana mtu. Walitazama chini tu, na hilo lilituaibisha kuliko matusi. Mwanamke aliyefunga ndoa kanisani hana njia mbili. Rudi Kamachumu ukaombe radhi. Ukishindwa kufanya hivyo, basi kaa huko huko uliko. Usije hapa. Watu wanajua wanawake wanaokimbilia mjini huwa wanakwenda kufanya nini, nami siwezi kusimama kanisani huku natazamwa.

Mambo ya kibanja mwachie kaka yako. Yeye ndiye mrithi.

Ni mimi mama yako, Klaudia Kokuberwa,
kwa mkono wa Apolinary


Kashai, Bukoba
7 Juni 1970

Mama,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na migomba imesimama baada ya ule upepo uliotufikia hata huku? Mimi mzima, isipokuwa vidole viwili nimeviunguza kwa pasi ya mkaa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro, na wiki nyingi nimelala juu yake bila kuigusa. Sikutegemea. Angeniambia Apolinary, ningesema huyo ni Apolinary. Lakini ni wewe, Mama. Siku ya harusi yangu tulikuwa wawili jikoni ukaniambia kwamba mlango wako haufungwi kwa ndani. Kamachumu siendi kuomba radhi. Kosa langu silijui, labda chumvi kuzidi.

Nilikwenda kwenye lile Jumba. Nilikwenda kwa hasira, ili nisikae chumbani. Lina mabenchi, ubao na kandili mbili, na darasa langu ni wanawake thelathini wanaokuja moja kwa moja kutoka sokoni, na vikapu vyao. Kitabu cha kwanza tulichopewa kinafundisha herufi na papo hapo kinafundisha namna ya kupanda migomba. Walicheka mpaka mimi mwalimu nikakaa chini. Kuna mmoja anaitwa Kokubanza, muuza dagaa, Mlutheri wa Hamugembe. Alikigeuza kitabu juu chini akasema, "Mwalimu, hiki kimeandikwa na mtu anayenunua ndizi."

Jumamosi tuna meza ya barua. Asiyejua kuandika anakaa mbele yako, anasema, wewe unaandika. Sheria ni moja. Kabla ya kufunga bahasha unamsomea mwenyewe neno kwa neno, akubali. Siku ya kwanza niliandika barua kumi na moja. Mama, karibu kila mzazi anayekaa pale anaanza na "mwambie mwanangu arudi nyumbani", nami ndiye ninayeandika.

Nilipougua malaria mwezi uliopita, darasa zima lilihamia chumbani kwangu. Kokubanza alinipikia ndizi kwa dagaa siku tano, na hakuniuliza mimi ni mke wa nani. Nimekuwa na watu. Lakini nakutaka wewe, na nauliza tena. Nije?

Kokuhirwa


Muleba
30 Agosti 1970

Kwa binti yangu Ephrasia,

Salamu nyingi. Barua yako ilifika. Mwezi wa saba niliugua kifua nikalazwa hospitali ya misheni kwa wiki moja, na sasa nimepona. Sikutaka uitwe, kwa hiyo hukuitwa. Kwa sasa usije kunitazama, maana tuna kazi nyingi ya kuvuna, na siku nyingine tuko zamu kwenye shamba la ujamaa la kijiji.

Huku nako wameanzisha kisomo. Mzee Kaijage, aliyekuwa katekista, anawakusanya wazee alasiri kwenye jengo la tawi la chama na kuwafundisha bila malipo. Apolinary ameniruhusu niende, ili viongozi wasione kwamba tunapinga. Ni kujifurahisha tu. Kichwa cha mzee hakiingii herufi.

Suala la kuja nilikwisha kulijibu.

Ni mimi mama yako, Klaudia Kokuberwa,
kwa mkono wa Apolinary


Kashai, Bukoba
12 Desemba 1970

Mama,

Shikamoo. Huku senene wamekuja kwa wingi, na darasa langu linanuka senene wa kukaanga kiasi kwamba bibi maendeleo alipokuja kukagua alisahau kukagua. Nakutakia Noeli njema, wewe na wote.

Baada ya salamu, nimekasirika, na sitaki kuficha. Uliugua kifua ukalazwa wiki nzima, na mimi niko mwendo wa saa chache kwa basi. Kokubanza akiumwa jino mimi najua. Joviana wa benchi la nyuma akigombana na mwenye nyumba, mimi najua. Mama yangu anaugua, naambiwa akishapona, tena naambiwa kwamba hakunitaka.

Nilikwenda stendi mara mbili. Mara ya pili nilipanda kabisa nikakaa dirishani. Kondakta alipoanza kukata tiketi, nikashuka. Simwogopi Apolinary. Niliogopa kufika mlangoni kwako nikakuta ni kweli.

Kama umenitoa katika watoto wako, niambie hivyo. Usiniambie mara mavuno, mara zamu za ujamaa, mara watu kanisani. Naweza kuvumilia neno moja kuliko visababu kumi. Noeli nitakula na wanawake wa Jumba. Wamenipangia kuleta mchele.

Kokuhirwa


Muleba
25 Januari 1971

Ephrasia,

Salamu. Umeuliza, nami najibu.

Mwezi huu wazee wa ukoo walikaa. Niliulizwa mbele ya wote kama namwita binti yangu aje kukaa nami. Nilisema hapana, nikatia dole gumba kwenye karatasi. Nyumba na mibuni ya nyuma sasa ni mali ya Apolinary, naye atanitunza mpaka mwisho. Jambo hili limekwisha. Wewe umekwisha kupata watu wako huko mjini, kama ulivyoandika mwenyewe. Kaa nao.

Usiandike tena barua za kulaumu. Zinamchosha anayezisoma.

Klaudia Kokuberwa,
kwa mkono wa Apolinary


Kashai, Bukoba
18 Aprili 1971

Apolinary,

Barua hii ni yako. Usimsomee mtu. Msalimu mkeo na watoto. Wewe sikuulizi hali.

Nilipopata ile barua ya Januari, nilikaa siku mbili bila kwenda kazini. Siku ya pili Kokubanza, yule muuza dagaa, alisukuma mlango akanikuta nimejifunika shuka. Aliwasha jiko. Nakueleza haya ili ujue ni mtu gani niliyemkosea, kwa sababu kosa langu ndilo lililonifumbua macho juu ya lako.

Mwaka jana Kokubanza alikaa kwenye meza yangu ya barua akitaka nimwandikie mwanawe Projestus, aliye Mwanza, ambaye kwa miaka mitatu hajamtumia mama yake hata salamu. Akasema, "Mwandikie nimechoka kumngoja. Mwandikie sahani yake nimempa mtoto wa jirani." Mimi nilikuwa na kidonda changu, nikaona hakuna mtoto anayestahili kuandikiwa hivyo. Nikaandika, "Mwanangu, nakukumbuka kila siku, uje utakapopata nafasi." Na wakati wa kumsomea, nilimsomea yale aliyoyasema yeye, si yale niliyoandika. Nilikaza macho kwenye karatasi na midomo ikasema mengine. Ilikuwa rahisi mno, Apolinary. Nadhani unajua.

Wiki tatu zilizopita Projestus alikuja, anacheka, barua iko mfukoni. Kokubanza sasa yuko kitabu cha pili. Akaiomba, akaisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Kisha akaja Jumbani, mbele ya darasa lote, akaniambia, "Mwalimu, haya si maneno yangu. Nilitaka ajue ameniumiza. Wewe umemwambia hakufanya kitu." Wanawake wameniondoa kwenye meza ya barua kwa miezi miwili, na wana haki. Kufundisha wameniachia. Kokubanza bado anakaa benchi la mbele, lakini haniletei dagaa.

Nilirudi chumbani nikazitoa barua za Mama. Mwandiko ni wako, hilo nililijua siku zote. Lakini sikuwahi kujiuliza maneno ni ya nani. Mama hajaniita Ephrasia maisha yake yote. Hilo ni jina la padre na la shule. Kwake mimi ni Kokuhirwa. Na Mama hawezi kumsalimu mtu, hata mgomvi wake, bila kumuuliza amekula nini. Nina barua tatu, na hakuna hata moja iliyouliza.

Nataka majibu mawili. Mama alisema nini? Na mimi, uliponisoma mbele yake, ulinifanya niseme nini?

Kokuhirwa


Muleba
23 Mei 1971

Dada Ephrasia,

Nimepokea matusi yako. Salamu sina haja ya kukuandikia, maana hukuniuliza hali.

Unanifundisha mambo ya barua kwa sababu umesoma mpaka darasa la nane. Mimi niliishia la sita. Unakumbuka kwa nini? Baba alisema mmoja lazima abaki shambani, na yule aliyebaki hakuwa wewe. Wewe ulikuwa unarudi likizo na sketi ya bluu, tukakuchinjia kuku, mimi nikiwa na tope mpaka magotini. Kisha ukaolewa, kisha ukaacha ndoa, kisha ukawa mwalimu wa mjini. Kila unapochoka unafungua mlango mwingine. Mimi nina mlango mmoja tu.

Nani alimbeba Mama kwa baiskeli mpaka hospitali? Nani anakwenda zamu yake kwenye shamba la kijiji ili asisumbuliwe? Clavery na wazee wake walipokuja, nani aliwakalisha, nani alisikiliza? Nina watoto wanne wa kiume, Ephrasia. Kibanja hakizai kibanja. Wewe huna mtoto, ungekalia ile nyumba miaka arobaini, halafu nani angekutoa?

Niliandika yale ambayo Mama angeyasema kama angejua hesabu ya mambo. Mama ana moyo laini. Mtu mwenye moyo laini asiachiwe kuamua mambo ya ardhi.

Ulichouliza sitakijibu. Usimwandikie tena. Barua zote za sanduku la parokia nazichukua mimi, na asiyejua kusoma hana haraka ya barua.

Kaka yako,
Apolinary


Muleba
16 Agosti 1971

Kokuhirwa mwanangu,

Umekula nini? Unakula vizuri?

Ni mimi naandika. Mkono huu ni wangu. Usicheke herufi zangu. Kiswahili changu ni cha darasani. Nimeandika siku sita. Mzee Kaijage hakunisaidia, ameniambia tu wapi pa kuweka nukta. Ataipeleka posta mwenyewe. Ukijibu, mwandikie yeye, kwenye sanduku la posta la shule.

Apolinary alikuwa ananisomea barua zako. Akimaliza, namwomba karatasi. Ananipa. Alidhani nitazishika tu. Nilizitia ndani ya mto wangu nikazilalia. Zote tatu. Mwezi wa sita nilichukua ya kwanza nikaanza kusoma. Siku nne. Nilipofika mahali umesema "sema tu njoo" nilidhani sijui kusoma. Nikarudia. Nikampelekea Mzee Kaijage. Nikamwambia, niambie hapa pameandikwa nini. Akasema, Ma Klaudia, pameandikwa ulivyosoma.

Mimi niliambiwa hivi. Uko vizuri mjini. Una mwanaume. Hutaki kurudi kwenye moshi. Usitafutwe. Ya pili niliambiwa umesema mimi ni mzigo wa Apolinary, si wako. Ya tatu niliambiwa umeniandikia Noeli tu.

Nililia. Halafu nikakukasirikia. Nilisema, mtoto huyu nilimfichia mayai, leo amenitupa. Wazee waliponiita nikasema kwa mdomo wangu, binti yangu amekataa. Nikatia dole. Hakuna aliyenishika mkono, Kokuhirwa. Ni hasira yangu. Wewe ulikuwa unalia huko, mimi huku, na kati yetu kuna mtu anakula ndizi.

Nilikwenda kwa wazee tena. Niliandika jina langu mbele yao. Walifurahi, walipiga makofi. Nikasema, sasa lifuteni dole langu. Wakasema halifutwi. Ungekuja mwaka jana, Mama. Ndivyo walivyosema.

Apolinary nilimsomea barua yako ya kwanza. Nilimketisha na mkewe nikaisoma yote, polepole, kwa sababu sijui haraka. Alitoka akaenda kupunguza majani ya migomba mpaka giza. Siku ya tatu alipiga magoti mbele yangu. Nimemsamehe. Wewe ukitaka usimsamehe, ni haki yako.

Lakini usije kukaa, Kokuhirwa. Hata kutembea usije kwanza. Nyumba si yangu tena. Mkewe amenyamaza, na naogopa kunyamaza kwake. Ukija kutakuwa na vita na mimi ni mzee. Baba yako amelala hapa kwenye migomba, nami nitalala hapa, na atakayechimba ni Apolinary. Nilikuzaa wewe na nilimzaa yeye. Usinichagulishe.

Niandikie kila mwezi. Nitasoma mwenyewe.

Mama yako,
Klaudia Kokuberwa


Kashai, Bukoba
12 Septemba 1971

Mawe, mama yangu,

Shikamoo. Nimekula. Leo ni ndizi na maharage, jana ndizi na dagaa, maana Kokubanza amerudi kuniletea. Hakunisamehe kwa maneno. Aliweka kikapu mezani akasema kimemzidi uzito. Wanawake nao wamenirudisha kwenye meza ya barua, ila sasa Joviana anakaa pembeni yangu kusikiliza ninaposoma. Mzee Kaijage mpe shikamoo yangu na umwambie namheshimu kuliko maaskofu.

Barua yako niliipeleka Jumbani kabla sijaifungua, kwa sababu niliona mwandiko kwenye bahasha. Darasa zima lilisimama kuutazama. Waliipitisha bahasha mkono kwa mkono, na mmoja akasema K yako imesimama vizuri kuliko yake. Niliwaambia nitaisoma nyumbani. Nashukuru nilisema hivyo.

Mwaka mzima na nusu nilijiambia kwamba siku nitakapopata maneno yako wewe mwenyewe, nitapona. Nilipojua ni Apolinary, nilifurahi, Mama, nikiwa nimeumia hivyo hivyo nilifurahi, kwa sababu kama yale yalikuwa yake, basi yako yalikuwa mengine. Nikangoja. Yamekuja, na ndani yake mna "usije". Ile ya Apolinary iliniuma. Ya kwako imeniuma zaidi, kwa sababu wa kumtupia lawama hayupo.

Sitakudanganya kwamba nimeelewa. Nimeelewa mambo ya kaburi, nimeelewa mambo ya mkewe. Lakini mtu anaiba sauti yako na yangu, anaiba nyumba, kisha anapiga magoti siku moja na kila kitu kinabaki kwake, na mimi ambaye sikuiba kitu ndiye ninayeombwa nisilete vita. Wewe umemsamehe ukiwa ndani. Mimi unataka nimsamehe nikiwa barabarani. Mama, hapo umenikosea, nami nasema ili usije ukasikia kwa mtu.

Nyumba siitaki tena. Waambie wazee, mwambie mkewe, uandike hivyo kwa mkono wako kama watataka karatasi. Nina chumba, nina kazi, nina wanawake thelathini na wawili ambao nisipoonekana siku moja wanakuja kunitafuta. Sikuomba ruhusa yako ili nipate mibuni. Niliiomba ili nikuone.

Kwa hiyo nakuja. Jumapili tarehe 3 Oktoba, basi la asubuhi. Sitabeba sanduku. Nitapita mlangoni kwa Apolinary na nitamsalimu, kwa sababu Baba alinifundisha kusalimu. Kisha nitakuja kwako na nitakaa mpaka basi la kurudi. Barua yako nimeisoma mara tisa na nimeiamini, ni yako, lakini siitii. Nimechoka kufukuzwa kwa karatasi. Ukiwa bado unataka kunifukuza, ngoja nifike, nisimame pale mbele yako unaniona, unifukuze kwa mdomo.

Mwanao,
Kokuhirwa